Fungu Ambalo Gemu Haipewi

Sitajifanya mtakatifu hapa. Wifi yangu nilimchukia kabla hata sijamwona sura. Kaka alipiga simu kutoka Arusha akaniambia, "Mdogo wangu, nimepata mchumba, mtu wa Moshi, amesomea kompyuta." Nikamjibu "Hongera kaka" kwa sauti tamu kabisa, halafu nikakata simu nikasonya mpaka mteja aliyekuwa benchini akageuka kuniangalia. Amesomea kompyuta! Nani aliuliza?

Miaka ile ya elfu mbili ilikuwa inaelekea mwisho, na mimi ndiye niliyekuwa na chumba cha gemu pale Karatu, nyuma kidogo ya stendi. Nikisema "nilikuwa na chumba" najipa cheo. Chumba alikipanga kaka, televisheni mbili alinunua kaka, na mashine zote mbili za gemu alizileta kaka, aliyekuwa dereva wa watalii, leo yuko Ngorongoro, kesho Serengeti, keshokutwa anapokea wageni uwanja wa ndege. Lakini aliyefungua mlango kila asubuhi ni mimi. Aliyepangusa vumbi ni mimi. Na vumbi la Karatu wenye kulijua wanalijua, jekundu, linaingia hata kwenye chumvi. Mashine ya gemu ina feni ndani, na feni inavuta hewa pamoja na vumbi lake, kwa hiyo kila siku kabla ya wateja nilizisafisha zile mashine kwa brashi ndogo ya kupakia rangi, taratibu, tundu kwa tundu. Hiyo kazi sikufundishwa na mtu.

Wateja wangu walikuwa mafundi wa magari, makondakta, wafanyakazi wa lodji siku zao za mapumziko, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi ambaye alikuwa anafungwa mabao mpaka unamwonea huruma. Wote waliniita Dada Gemu. Nikipita sokoni na kikapu changu nasikia "Dada Gemu, leo kuna umeme?" na mimi nageuka kwa maringo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, sijaolewa, sikufika kidato cha tano, baba ameshafariki, na mama yetu yuko kijijini Baray na shamba la vitunguu. Hilo jina ndilo nililokuwa nalo.

Basi wakaoana, na wifi akahamia Karatu.

Nilimtafutia ila kwa bidii zote. Mvivu? Anaamka kabla yangu. Mchoyo? Alikuja na khanga yangu, doti nzima, na si zile za kuchujuka. Anaringa? Hapo ndipo aliponimaliza kabisa, kwa sababu haringi. Mtu akikuzidi na akaringa, angalau unapata cha kusema. Huyu alikaa benchini pamoja na makondakta, akashika padi ya kuchezea, akafungwa mabao manne, akacheka mpaka machozi. Wakampenda siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu karibu na friji ya soda, najifanya nahesabu chupa.

Sasa niwaeleze hizo mashine, kwa sababu ugomvi wangu wote ulipitia humo.

Ya kwanza ilikuwa ya zamani, nyeusi, nzito. Ile ukitia diski, gemu inachukua mashine yote. Hakuna kingine kinachoendelea. Ukitaka kubadilisha mchezo, unazima, unatoa diski, unaanza upya. Mimi nilielewana nayo sana. Ya pili, mpya, kaka aliipata kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao na hakutaka mzigo. Hiyo ilikuwa na kitufe katikati ya padi. Watu wako katikati ya mechi, ukikibonyeza, mchezo unasimama, na juu yake inakuja orodha: saa, chaji ya padi, mipangilio, habari chungu nzima. Ukibonyeza tena, orodha inaondoka na mchezo unaendelea pale pale ulipoachwa. Mimi sikukipenda kile kitufe. Niliona kama mtu anayeingilia mazungumzo ya wenzake.

Siku moja fundi mmoja wa magari akauliza, hivi hiyo orodha inakaa wapi wakati sisi tunacheza? Mimi nikajibu haraka, "Iko kwenye diski." Nikasema kwa uhakika wa mtu asiyejua.

Wifi hakunicheka. Alisema polepole, akiniangalia mimi na si yule fundi, "Wifi, nadhani haiko kwenye diski. Iko ndani ya mashine yenyewe. Waliotengeneza wametenga sehemu ya memori, na sehemu ya ubongo wake, kwa ajili ya mfumo wa mashine. Gemu inaambiwa tangu mwanzo, fungu lako ni hili, lile pale si lako. Hata kama mfumo umekaa tu hauna kazi, gemu haipewi lile fungu."

"Kwa nini sasa?" fundi akauliza. "Si wangeipa gemu yote ikawa na kasi?"

"Ingechukua yote, halafu ukibonyeza kitufe nani angekuitikia? Mfumo ungekuja ukakuta hakuna pa kukaa. Ingebidi gemu ifukuzwe kwanza, na wewe unaongoza mbili bila."

Wakacheka. Mimi sikucheka, na nitasema ukweli kwa nini. Si kwamba sikuelewa. Nilielewa kuliko wote mle ndani. Kule Baray tumelelewa na mfereji. Vitunguu vyetu vyote vinakunywa maji ya zamu. Leo banio, lango la kugawia maji, linafunguliwa kwa huyu, kesho kwa yule, na kila mtu anajua saa yake. Lakini kuna maji ambayo hayaingii kwenye zamu ya mtu yeyote. Tunayaita maji ya nyumbani. Ni ya kunywa watu na mifugo, yanapita usiku na mchana mferejini, chini kabisa, na hata jaruba lako la vitunguu likiwa limepasuka kwa ukame huruhusiwi kuyageuza. Ukiyageuza unatozwa mbuzi, na aibu juu. Baba yangu aliwahi kuangalia vitunguu vikikauka hatua kumi kutoka maji ya nyumbani, na hakuyagusa.

Kwa hiyo jambo lile nilikuwa nalo kichwani tangu utoto. Ningeweza kulisema mimi, mbele ya mafundi wangu, kwa maneno ya kwetu, wakanyamaza wakanisikiliza. Lakini alilisema yeye. Nilikosa usingizi kwa sababu ya hilo, jamani, kwa sababu ya memori ya mashine!

Na mbaya zaidi, jioni nikiwa nafunga, nilimwambia ule mfano wa maji ya nyumbani, nikitegemea nitamfundisha kitu. Akafurahi, akapiga makofi. "Ndiyo hivyo hivyo wifi! Kwetu Moshi pia tuna mifereji, bibi yangu alikuwa mkali wa maji, wee!" Hata mfereji anao. Nikamwambia kwaheri nikaenda zangu.

Baada ya miezi michache hali ya mama kule Baray ilianza kuwa ngumu. Mama yetu tunamwita ayo, kwa Kiiraqw. Magoti yalikuwa yanamsumbua, na vitunguu havimsubiri mtu magoti yapone. Kaka akatuita mimi na wifi mezani, akasema mmoja wetu ataenda kukaa na ayo msimu mzima, na mmoja atabaki na chumba cha gemu.

"Sijaamua nani," akasema. "Nina safari ya siku nane na wageni. Nikirudi tutaongea."

Hajaamua! Kila mtu alishaamua. Mimi ni binti wa nyumba, sina mume, nimezaliwa kwenye hayo hayo majaruba. Yeye ni bibi harusi, amesoma, na mashine anazijua. Jirani mmoja hata alinipa pole kabisa, akaniuliza kama jembe langu bado lipo. Nilijiona tayari nimeinama kwenye tope, na pale stendi kuna mwingine anaitwa Dada Gemu. Afadhali angeitwa hivyo. Walikuwa wameshaanza kumwita Fundi. Mimi miaka mitatu nasafisha feni kwa brashi hakuna aliyewahi kuniita fundi.

Kabla hajaondoka, kaka alituachia diski mpya ya mpira, yenye timu za msimu ule. Akarudia lile agizo lake la siku zote, kwamba kitu chochote kikubwa kwenye mashine kisifanyike bila kuwasha jenereta, maana umeme wa Karatu tunaujua. Kwa ajili ya umeme huo huo friji yetu ya soda ilikuwa na kile kikasha cha kuilinda, frijigadi. Umeme ukikatika hata kwa sekunde moja ukarudi, kikasha kinawasha taa ya njano na kuizuia friji isiwake dakika kadhaa, mpaka kihakikishe umeme umetulia, ndipo taa inakuwa ya kijani. Nilikuwa nakaa pembeni ya hiyo taa kila siku, nimeizoea mpaka siioni.

Siku ya kuamkia mnada, asubuhi ya baridi na ukungu umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro, chumba kilijaa. Habari ya diski mpya ilikuwa imezunguka. Mwalimu alikuwepo, mafundi, makondakta, na Wamasai wawili waliokuja mapema na ng'ombe wa mnada, wamejifunika mashuka yao, wanataka kuona huo mpira wa kwenye televisheni. Nikatia diski kwenye mashine mpya. Badala ya mchezo, yakaja maandishi. Mashine ilisema mfumo wake ni wa zamani, haiwezi kucheza diski hii mpaka mfumo ubadilishwe, na mfumo mpya uko humo humo kwenye diski, je, tukubali?

Mimi nikasita. Wifi akasogea, akasoma, akauliza, "Wifi, jenereta ina mafuta?"

Haikuwa na mafuta. Nilitakiwa kuyanunua jana yake, sikununua.

"Umeme umetulia tangu juzi," mwalimu akasema. "Bonyezeni tu."

Wifi akaniangalia mimi kwanza. Hilo nalikumbuka vizuri, aliniangalia nimruhusu. Nikainua mabega. Akabonyeza. Ukatokea mstari unaojaa polepole, na chini yake onyo kwamba mashine isizimwe. Akawageukia watu akawaeleza, kwa ile sauti yake isiyo na maringo, kwamba mafundi wa huko inakotengenezwa wamejifunza kuubana mfumo ukae mahali padogo zaidi, kwa hiyo baada ya hapa fungu la mfumo litapungua na gemu zitakazokuja zitapewa nafasi zaidi kidogo.

"Fundi!" kondakta mmoja akaita, na wote wakapiga makofi. Makofi, ndani ya chumba changu.

Mstari ulikuwa unakwenda kwa uvivu. Watu wakatoka nje kuota jua lililokuwa linachungulia. Wifi akasema anavuka barabara kuleta chupa ya chai, watu wana baridi. Nikabaki peke yangu na ule mstari.

Nimejieleza mara nyingi katika akili yangu, na kila mara najipendelea. Leo nasema kama ilivyokuwa. Onyo nililisoma. Kiingereza changu cha shule kilitosha. Lakini mimi ni mtu wa mfereji. Kwenye mfereji, mtu akifungulia maji wakati wewe hutaki, unakwenda unaziba na tuta la udongo, mnagombana, mkishapatana unafungua, na maji yanaendelea pale pale yalipokomea. Maji hayafi kwa kuzibwa. Nikadhani na hii itakuwa hivyo. Nilitaka tu isimame. Nilitaka arudi na chupa yake ya chai akute kioo cheusi, aibike kidogo mbele ya watu, aanze upya, na kaka akirudi asikie kwamba yule msomi wake si kila kitu anakiweza. Kidogo tu, Mungu anisamehe, nilitaka kidogo tu.

Nikachomoa plagi ya mashine. Nikameza mate mara mbili. Nikaichomeka tena.

Mashine haikuendelea. Ikawasha taa nyekundu, ikapepesa, ikanyamaza. Nikabonyeza, ikapepesa, ikanyamaza. Jasho likanitoka na ile baridi yote. Hapo nikasikia viatu vya wifi mlangoni na watu nyuma yake.

"Umeme umeyumba," nikasema kabla hajauliza. "Umekatika mara moja ukarudi."

Aliweka chupa chini. Aliitazama mashine. Akatazama kona ya friji, halafu akanitazama mimi, na mimi nikainamia vikombe. Watu walianza kuguna, mwalimu akasema "Ah, nchi hii!", na mmoja mmoja wakatawanyika.

Kaka aliporudi aliipeleka mashine kwa fundi Arusha. Fundi akamwambia mfumo wa zamani ulikuwa umeshaanza kufutwa na mpya ulikuwa haujamaliza kuandikwa, ukakatwa katikati, kwa hiyo sasa mashine haina wa zamani wala mpya, haijijui. Gemu zote ziko salama kwenye diski zake, lakini hakuna wa kuzipokea. Yeye hakuweza kuiponya. Kaka alirudi amevimba kwa hasira.

"Nani alibonyeza?" akauliza.

Nilikuwa nimekaa pale. Kinywa changu kilikuwa na meno yote na ulimi.

"Mimi," wifi akasema. "Nilibonyeza bila jenereta. Ni kosa langu."

"Si nilisema? Mmesoma, mmesoma, lakini kusikia hamsikii!" Sijawahi kumsikia akimsemesha mkewe vile, wala sijamsikia tena. Wifi alikubali kwa kichwa. Wiki ile ile alifunga sanduku lake akaenda Baray kwa ayo, na mimi nikabaki na chumba. Aliponiaga alinishika mikono yote miwili akaniambia nisisahau kusafisha feni. Nilidhani ananikejeli. Nilimsindikiza kwa macho makavu.

Nilipata nilichotaka, basi. Chumba chenye mashine moja ya zamani. Wateja walikuja mwanzoni kwa huruma, halafu wakaacha, wakaenda kwingine kwenye kitufe cha katikati. Nilikaa kwenye kiti changu, taa ya frijigadi ya kijani pembeni yangu, na wivu haukuondoka, ulibadilisha tu nguo. Kaka kila akimaliza safari alikuwa ananipitia mimi kwanza, ananiletea mkate wa Arusha kama alivyofanya miaka yote, halafu anateremka Baray. Mimi sikuuona huo mkate. Niliona gari linavyoteremka. Nilikuwa nahesabu anakaa siku ngapi kule. Na alikuwa anarudi na habari: ayo anatembea sasa, ayo anacheka, ayo amemfundisha kupika makande yetu, wamemweka kwenye kamati ya maji. Wapi? Kwenye kamati ya maji! Mtu wa Moshi, msimu mmoja, mfereji wa baba yangu!

Wakati wa kuvuna, kaka akaniambia nifunge chumba niende kusaidia. Nikaenda, nimejiandaa kumkuta amechakaa.

Nilimkuta kwenye banio, miguu ndani ya tope, khanga ameifunga kiunoni, mweusi kwa jua, na mzuri kuliko alivyokuwa Karatu. Alikuwa anafunga maji ya jirani mmoja aliyemaliza zamu, na yule jirani, mzee mkorofi tunayemjua sote, alikuwa anamtii. Akaniona, akakimbia kunipokea mzigo.

"Wifi! Ayo amekuwa anakuulizia tangu juzi."

Ayo. Mwanzoni alikuwa anamwita mama. Sasa ni ayo, kwa lafudhi ya kwetu kabisa. Hapo nilishindwa kujizuia, nikaongea kwa shari.

"Naona umepachukua pote," nikamwambia. "Kaka, mama, mpaka mfereji. Umeniachia nini?"

Hakukasirika. Alichomeka jembe kwenye tuta, akapangusa tope miguuni, akakaa pembeni ya mfereji, akapigapiga udongo kunionyesha pa kukaa. Maji ya nyumbani yalikuwa yanapita miguuni petu, membamba, hayajaguswa na mtu.

"Wifi," akasema, "siku ile taa ya friji ilikuwa ya kijani."

Umeme ungekatika, taa ingekuwa ya njano. Miaka mitatu nimekaa pembeni ya ile taa, na siku niliyosema uongo sikuikumbuka, yeye aliyekaa miezi michache aliikumbuka.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua nilipoingia tu mlangoni."

"Kwa nini hukumwambia kaka?"

"Ningemwambia, wewe ungebaki na nini?" Alikuwa anaongea na maji, haniangalii. "Mimi nina mume. Hata akinifokea, jioni ni wangu. Wewe ulikuwa na kile chumba na hicho anachokupa kaka yako kila akitoka safari, anapokupitia kwanza. Angejua, asingekupitia tena. Mimi nimeolewa na mtu ambaye ana fungu alilomtengea dada yake. Nililikuta, wifi. Sikuja kuligeuza."

Nililia, ndiyo, lakini msinifanye mwema. Machozi yale hayakuwa ya toba peke yake. Nilikuwa nimekaa pembeni ya maji ambayo baba yangu hakuyagusa hata vitunguu vilipokuwa vinakauka, maji niliyozaliwa nikayajua, na aliyefanya kama baba alikuwa mtoto wa watu kutoka Moshi. Mimi niliyeujua huo mfano wa maji ya nyumbani, niliyekosa usingizi kwa sababu ameniwahi kuusema, sikuwa nimewahi kuuishi hata siku moja. Nilimwonea wivu hata moyo wake. Mpaka leo nina mvi, tumemzika ayo pamoja, watoto wake wananiita shangazi, na bado ukiniuliza nani nimemwonea wivu maisha yangu yote nitakuonyesha yule.

Nikafuta uso. Nikamwambia, "Nitamwambia kaka mwenyewe."

"Ukitaka," akasema. "Ukishakula."

Nilimwambia, jioni ile ile alipofika. Alitoka nje, akarudi. Safari iliyofuata gari lilipita Karatu moja kwa moja bila kusimama, na iliyofuata vilevile. Ya tatu lilisimama, akaingia na mkate, akauweka juu ya friji.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Pale kwenye mfereji, kabla hatujainuka, ayo alitokea mlangoni mwa nyumba, mkono juu ya macho kwa sababu ya jua, akaita, "Mwanangu! Njoo chai imeiva!"

Tuligeuka wote wawili. Sauti ile niliijua. Ilikuwa ya mtu anayeita kila siku saa ile ile, na kila siku saa ile ile mimi nilikuwa Karatu. Hakuwa ananiita mimi. Wifi pia alijua. Alifungua mdomo kuitikia, akaufunga, akainama akaanza kupangusa miguu ambayo alikuwa ameshaipangusa.

"Naam, ayo," nikaitikia mimi.